Hivi Pentheus "kajitakia" kivipi?? Na yule babu je?

Wakuu nina hasira sijalala vizuri. Jana darasani tulikuwa na Bacchae, tamthilia ya Mgiriki wa kale Euripides, mwalimu akafunga mjadala eti Pentheus kajitakia, kashindana na mungu, kwisha habari. Darasa zima ndiyooo kama kwaya.

Haya, dogo ana kiburi, nakubali. Mfalme wa Thebes kamkataa Dionysus, mungu wa mvinyo, kamfunga kamba kamtupa zizini. Si ungempiga radi moja yaishe? Thubutu! Mungu anamvalisha gauni, anamtengeneza nywele kama bibi harusi, anampitisha mjini hivyohivyo, wakifika mlimani anamkalisha juu ya mti mrefu halafu anawaita wanawake aliowatia wazimu. Na wa kwanza kumvamia ni mama yake mzazi, Agave! Mtoto anavua kitambaa cha kichwani ili atambulike, anamshika shavu, mama ni mimi, mama povu linamtoka mdomoni, kamkanyaga ubavu kang'oa mkono na bega lake.

Anarudi mjini na kichwa anajisifu kaua simba. Babu Cadmus inabidi amrudishe akili taratibu, hebu tazama juu angani kwanza, haya sasa hicho ulichoshika ni kichwa cha nani. Pale niliweka kitabu chini.

Mtasema Agave alimsengenya dada yake Semele, mama wa Dionysus, kwamba mimba haikuwa ya Zeus, mkuu wa miungu. Sawa, kwa hiyo adhabu ya umbea ndo kumchana mwanao?

Ila kinachoniuma ni Cadmus. Mzee wa watu alivaa ngozi akabeba fimbo akaenda kucheza ngoma ya huyo mungu na uzee wake wote (mjanja pia, alimwambia mjukuu hata kama si mungu wewe sema ni mungu, sifa kwa ukoo), na bado anaambiwa atageuka nyoka na kufukuzwa kwao. Akilalamika kwamba miungu haifai kuwa na hasira kama za binadamu Dionysus anamjibu, baba yangu Zeus alishapitisha zamani. Jibu la karani dirishani kabisa!

Na hii iliigizwa Athens kwenye sherehe za huyohuyo Dionysus, mwandishi keshafariki tangu 406 KK, ikapewa ushindi wa kwanza. Wenyewe hawakuogopa, sisi tunamwogopea nani?

Anayesema kajitakia aje anieleze la Cadmus. Kama hujafika mwisho wa babu usikomenti.