Seva ya Ubuntu imegoma kuwaka baada ya apdeti ya keneli (kiini cha mfumo): unknown-block(0,0)

kijana_wa_stoo

Wakuu, heshima kwenu. Nimekwama, naombeni msaada wa haraka.

Nahudumia kompyuta za duka la jumla la dawa hapa Mwanza. Seva ni moja tu, Ubuntu 22.04, ndani yake kuna hifadhidata ya PostgreSQL na programu ya stoo. Aliyeifunga ni jamaa aliyekuwepo kabla yangu, na aliacha apdeti zijiendeshe zenyewe usiku. Jana jioni umeme ulikatika, UPS ikaisha chaji, seva ikazima. Umeme uliporudi ikatoa maneno haya na kuganda:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Nikizima na kuwasha, ni yaleyale. Bosi anasema umeme umeua diski, na keshamuulizia mtu wa Kariakoo bei ya mpya. Bekapu niliyonayo ni ya Ijumaa iliyopita. Vijana wa kaunta wanaandika mauzo kwenye daftari na wateja wa mikoani wanapiga simu tu.

MzeeFomati

Chukua flashi, piga Ubuntu upya, rudisha bekapu ya Ijumaa, kazi iendelee. Mimi keneli ikinisumbua huwa sibembelezani nayo.

Bi_Terminali

Mzee, na mauzo ya kuanzia Jumamosi atayatoa wapi?

Mdogo wangu, usifomati, na bosi asitume hela kwanza. Ujumbe huo haushtaki diski. GRUB, ile programu inayoipakia keneli, imeisoma kutoka kwenye diski hiyohiyo, la sivyo usingefika hata kwenye hayo maandishi. Sifuri mbili ndizo za kutazama: keneli imewaka na haioni kifaa chochote cha kuita root, yaani penye mfumo wenyewe. Mara nyingi maana yake ni kwamba haikupewa faili lake la initrd. Keneli ya Ubuntu haibebi dreva zote tumboni. Dreva za diski na zana za LVM (mpangilio wa kugawa diski) zimo kwenye initrd inayopakiwa kwenye RAM mwanzoni. Bila hiyo, keneli ni mwenye nyumba aliyefika mlangoni na funguo zimo ndani.

Diski ingekuwa haionekani kweli, kwa kawaida initrd ingewaka kwanza, ikaisubiri, halafu ingekutupa kwenye BusyBox (sehemu ndogo ya kuandikia amri za dharura) na onyo la `ALERT! UUID=... does not exist`. Hilo ni tatizo jingine na lina dawa nyingine.

Umeme nao nadhani umesingiziwa. Keneli mpya ilishaingia usiku fulani, seva ikaendelea kutembea na ya zamani kwa sababu hakuna aliyeizima. Kukatika kwa umeme kumeilazimisha tu kuijaribu hiyo mpya.

Fanya hivi. Washa, na nembo ya mtengenezaji ikipotea bonyeza Esc mara moja. Kama mashine ni ya BIOS ya zamani, shikilia Shift. Ukibonyeza Esc kwa pupa utaangukia kwenye `grub>`. Usiogope, andika `normal`, piga Enter, kisha Esc tena. Ingia Advanced options for Ubuntu, chagua keneli iliyo chini ya ile mpya, ya kawaida, si ya recovery. Ikiwaka tuletee majibu ya hizi:

`uname -r`
`df -h /boot`
`ls -lh /boot`

kijana_wa_stoo

Dada, ubarikiwe, IMEWAKA! Data yote ipo, mpaka mauzo ya jana mchana.

uname inasema 5.15.0-118-generic. /boot, panapokaa keneli na initrd, ni patisheni (kipande cha diski) ya peke yake, MB 488, imejaa 100%. Kuna vmlinuz (faili za keneli) nne, 116 hadi 119, lakini initrd ni tatu. Ya 119 haipo.

Nimejaribu `apt autoremove` ifute keneli za zamani, inagoma, inadai kuna vifurushi havijakamilika, nipige `apt --fix-broken install`. Nikipiga hiyo inafia kwenye No space left on device. Nazunguka palepale.

Bi_Terminali

Basi mchawi umemwona. Kila initrd hapo inakula zaidi ya MB 100, na patisheni ya namna hiyo haimezi ya nne. Ya 119 ilikosa nafasi, kifurushi kikabaki nusu, lakini GRUB ikaiorodhesha keneli hiyo juu kwa sababu namba yake ni kubwa.

Kabla ya lolote toa data nje, kwenye diski nyingine kabisa. Badilisha njia iendane na kwako:

`sudo -u postgres pg_dumpall > /mnt/nje/stoo.sql`

Kisha vunja mzunguko kwa kuhamisha initrd moja ya zamani. Ya 118 usiiguse, ndiyo unayoitumia sasa hivi.

`sudo mv /boot/initrd.img-5.15.0-116-generic /var/tmp/`
`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`
`sudo apt autoremove --purge`

Tazama /boot tena. Initrd ya 119 ikiwa bado haipo:

`sudo update-initramfs -c -k 5.15.0-119-generic`
`sudo update-grub`

Usizime seva mpaka uione kwa macho yako. Na kama autoremove itaiacha ya 116, piga `apt-mark showmanual | grep linux-image`. Keneli iliyowekwa kwa mkono haifutwi na autoremove hata ikizeeka. Hiyo utaiondoa mwenyewe kwa `apt purge` na jina lake kamili.

root_wa_Nairobi

Bi_Terminali amemaliza. Naongeza kwa wale ambao seva zao ziko mbali na hakuna mtu wa kubonyeza Esc. Kwenye /etc/default/grub weka `GRUB_DEFAULT=saved`, ongeza `panic=15` kwenye mstari wa vigezo vya keneli, piga update-grub. Halafu `grub-set-default` ielekeze kwa keneli unayoiamini, na ile mpya uijaribu mara moja tu kwa `grub-reboot`. Ikipanic, inangoja sekunde 15, inajiwasha, inarudi kwa ile ya zamani. Sisi tunafanya hivyo kwa kila mashine. Angalizo: /boot ikiwa ndani ya LVM au RAID (diski kadhaa zilizounganishwa), GRUB huenda isiweze kufuta ile alama ya mara moja, kwa hivyo jaribu kwanza mashine ikiwa mbele yako.

Wanaotumia AlmaLinux (Linux ya familia ya Red Hat), idadi ya keneli zinazobaki inawekwa na `installonly_limit` kwenye /etc/dnf/dnf.conf, na kazi ya update-initramfs kwenu inafanywa na dracut.

kijana_wa_stoo

Imekubali. Ya 116 kweli ilikuwa imewekwa kwa mkono, nimeipurge. Initrd ya 119 ikajengeka, nimewasha upya mbele ya bosi na imepanda yenyewe. Kaunta wanaingiza mauzo ya daftari sasa hivi.

Swali la mwisho, dada. Nimesoma kwamba nikibadilisha MODULES=most iwe dep kwenye initramfs.conf, initrd zinakuwa ndogo sana. Nifanye?

Bi_Terminali

Zinapungua kweli, ila dep inaweka dreva za mashine hiyo tu. Siku ubao mama ukifa na ukahamishia diski kwenye mashine yenye kidhibiti kingine, haitawaka, na utakuwa unahangaika na mambo mawili kwa wakati mmoja. Acha most. Baki na keneli mbili, halafu fungua /etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades uone kama huyo jamaa aliweka `Remove-Unused-Kernel-Packages` kuwa false. Na uweke cron (kazi ya kujiendesha kwa ratiba) ikutumie ujumbe /boot ikifika 80%.