Naombeni ushauri: uwanja wa klabu ujengwe Jangwani au tutafute shamba nje ya mji?

Katibu wa Tawi

Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa tawi moja la Wananchi, yaani Yanga, huku Kimara, Dar es Salaam. Jumapili ijayo tuna kikao na ajenda ni moja: tawi liandike maoni yake kuhusu mahali pa kujenga uwanja wa klabu. Barua naiandika mimi, na mpaka sasa nimeshachana karatasi mbili.

Tawi limegawanyika. Wazee hawataki kusikia jina lingine zaidi ya Jangwani. Klabu ipo tangu 1935, jengo liko pale Twiga na Jangwani, uwanja wetu wa zamani wa mazoezi, Kaunda, uko hapohapo, sasa tunahama kwenda wapi? Vijana wanasema pale ni bondeni, masika yakishika Kaunda unakuwa bwawa la kambare. Bora tununue ekari za kutosha Kigamboni au njia ya Bagamoyo, tujenge kwa nafasi, na maegesho juu.

Mimi nilikuwa upande wa vijana mpaka mechi moja ya usiku pale kwa Mkapa, uwanja wa taifa ulioko Temeke. Mpira umeisha, natoka na mwanangu wa miaka tisa, jezi imemfika magotini. Daladala zimejaa, makonda wananing'inia mlangoni. Bodaboda wa kwanza akataka elfu kumi na tano mpaka Kimara, wa pili elfu ishirini, wa tatu akaniangalia tu akawasha pikipiki. Tukatembea mpaka Tazara, mtoto kalala mgongoni. Nafungua geti ni saa sita kasorobo. Magoli ya siku ile nikiulizwa nitababaika, ile safari naikumbuka hatua kwa hatua. Nikajiuliza, kama Temeke tu imekuwa hivi, Kigamboni je?

Naombeni mawazo. Habari za makolo na utopolo, yale majina ya kutaniana Simba na Yanga, leo tuziweke pembeni.

Mzee wa Mapipa

Mwanangu katibu, shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuitoa. Mimi nakaa Magomeni Mapipa. Enzi timu ikifanya mazoezi Kaunda nilikuwa natoka kwangu kwa miguu, navuka daraja, nakwenda kuwaona vijana, narudi kwa miguu nimeshiba. Sikulipa hata senti. Mkijenga Kigamboni mimi nitaangalia kwenye televisheni ya kinyozi, na wenzangu wa Ilala na Kariakoo vilevile. Andika hivyo kwenye barua yako.

Fundi Mitaro

Mzee, heshima yako, ila lazima tuongelee maji.

Mimi kazi yangu ni barabara na mifereji. Jangwani siyo mahali panapofurika kwa bahati mbaya. Lile ndilo bonde la mto Msimbazi, maji ya kutoka Pugu huko yote yanapita pale kabla ya kufika baharini. Desemba 2011 mnakumbuka, watu walipoteza maisha na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Na mto haubebi maji peke yake, unabeba mchanga na takataka. Mchanga unajaza njia, mwaka unaofuata maji yanapanda zaidi hata kama mvua ni ileile.

Watu wanasema tutajaza kifusi. Sawa, ukijaza wewe utakuwa mkavu, lakini yale maji uliyoyanyima nafasi yanahamia kwa jirani. Utakuwa umejenga uwanja na kumzamisha muuza chipsi wa mtaa wa pili. Ndiyo maana kuna ule mradi wa Bonde la Msimbazi wa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 200, na ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani. Maoni yoyote ya uwanja pale yaanze na swali moja: mto ukishatengenezwa, maji yatapita wapi na kwa kimo gani? Na uwanja wenyewe ukae juu ya nguzo, chini pabaki wazi, yakija yapite.

Halafu katibu, wewe ni wa Kimara. Maji yakipanda barabara ya Morogoro inafungwa palepale Jangwani na mabasi ya mwendokasi yanasimama. Yaani njia inayokuleta uwanjani ndiyo inayozama. Itabidi uzunguke Ubungo, Mandela, Buguruni. Hilo wazee wako wamelifikiria?

Mnyama Mtulivu

Mtani, nakuja kwa amani. Sisi Simba tuna uwanja wa mazoezi Bunju na hatujafa. Ila nikuambie kitu mimi mtu wa Mbagala: mazoezi yakiwa Bunju sina shida, wachezaji wanapelekwa na basi. Siku mkiniambia mechi iko Bunju ndipo mtanipoteza. Msichanganye hivyo viwili. Kambi na hosteli za vijana pelekeni shamba huko, hata kwenye mikorosho. Uwanja wa mechi uwe panapofikika.

Wala msitake watu 60,000. Wa kwa Mkapa upo tangu 2007, derby tutaendelea kuchezea pale. Nyie jengeni wa elfu ishirini na tano ujae. Mmecheza Chamazi, mmecheza KMC pale Mwenge, mnajua kiwanja kidogo kikijaa kinavyopiga kelele.

Goli la Mkono

Mtani mtulivu? Dunia inaisha.

Dada wa Keko

Kaka katibu, pole kwa ile safari na mtoto. Mimi nauza supu na chapati, siku za mechi nahamia karibu na uwanja. Nina mambo mawili.

Kwanza, mwanamke mpira ukiisha usiku haangalii umbali tu, anaangalia njia. Nikitoka kwa Mkapa kuja Keko natembea na watu, maduka yako wazi, taa zipo, mama muuza mihogo ananijua. Uwanja wa shambani una barabara moja, giza huku na huku, na hiyo bodaboda ndiyo mlinzi wako. Binti yangu nisingemruhusu.

Pili, vyoo. Popote mtakapojenga. Nisiseme zaidi, naheshimu jukwaa.

Mbeba Boksi

Nipo London, hapa mifano ni miwili. Arsenal walipohama Highbury mwaka 2006 walisogea mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Mashabiki wakaendelea kushuka kwenye treni zilezile na kula kwenye vibanda vilevile. Uwanja unabeba zaidi ya watu 60,000 na maegesho ya mashabiki ni kama hayapo, mitaa ya jirani siku ya mechi magari ya wageni hayaruhusiwi kuegeshwa. West Ham mwaka 2016 waliacha Upton Park wakaenda uwanja wa Olimpiki. Usafiri kule ni mzuri kupita walikotoka, lakini wazee wao mpaka leo wananuna. Kiwanja kilijengwa kwa ajili ya riadha, mpira unauona kwa mbali, na ule mtaa wao wenye baa na duka la pai umebaki nyuma.

Kwa hiyo vijana wanaodai maegesho waulizwe: tawi zima mna magari mangapi?

Katibu wa Tawi

Mbeba Boksi, tuna magari manne. Moja halina injini.

Tanga Raha

Nyie watu wa Dar mnajitesa. Hapa Mkwakwani uko katikati ya mji, mechi ikiisha jioni Magharibi naswali msikiti wa mtaani kwangu.

Kivuko Kibovu

Nakaa Kigamboni, ningefurahi uwanja uje kwetu, lakini nisiwadanganye. Njia kubwa za kuvuka ni mbili: pantoni au daraja. Pantoni foleni yake siku ya kawaida unaijua. Daraja la 2016 limesaidia sana, ila fikiria watu elfu ishirini wanatoka saa tatu usiku wote wanataka kuvuka kwenda ng'ambo ileile.

Katibu wa Tawi

Nawashukuru wote. Shikamoo mzee wangu wa Mapipa, nimechelewa.

Barua imeanza kupata sura. Nitaandika Jangwani, lakini kwa masharti ya Fundi Mitaro: mto kwanza, nguzo, na michoro ionyeshwe wanachama kabla ya zege. Kama maji hayatapatiwa njia, basi tutafute kiwanja kando ya barabara ya mwendokasi, hata Kilwa Road, siyo shamba. Kambi ya vijana ndiyo iende nje. Vyoo nimeviweka aya ya pili, dada wa Keko.

Jumamosi natoka na mwanangu, tunashuka Mapipa, tunatembea mpaka Kaunda nikihesabu dakika. Mzee, kama upo tuongozane.

Mzee wa Mapipa

Nipo. Njooni asubuhi. Juzi imenyesha, mtoto mvalishe gambuti.