Filamu ya mwanamuziki marehemu ukumbini: kibali na sauti

Swali: Wakuu, tunaandaa onyesho la bure la filamu ya hali halisi kuhusu mwanamuziki wa kujitegemea aliyefariki. Watu 80, skrini ya upana wa mita 3. Diski tuliyonayo ni halali. Tuangalie nini kingine?

Jibu 1: Diski halali inakuruhusu kutazama nyumbani tu. Hata bila kiingilio, omba kibali cha maandishi kutoka kwa msambazaji. Mtajie tarehe, ukumbi na idadi ya watu. Muziki nao huweza kudaiwa malipo na chama cha hakimiliki. Muulize mwenye ukumbi, huenda analipia tayari. Na familia ya marehemu ialikwe mapema, ni heshima kwao.

Jibu 2: Nakazia sauti, maana hapo ndipo mwanamuziki huyo anapoishi. Diski ikiwa na chaneli (njia za sauti) 6 na mikisa yako (kichanganya sauti) ikapokea kushoto na kulia tu, muziki utasikika ila mahojiano yatafifia au kupotea kabisa: maneno hukaa chaneli ya kati. Weka kicheza diski kitoe stereo, yaani chaneli zote zichanganywe kuwa mbili, kushoto na kulia. Kisha pima sauti kwa kipande cha tamasha chenye kishindo kuliko vyote. Ukipimia mahojiano, ngoma zikiingia watu wataziba masikio.

Jibu 3: Projekta ya uwiano 1.5 (umbali ukigawanywa kwa upana wa picha) ikae mita 4.5 kutoka skrini. Waya wa kawaida wa HDMI (unaopeleka picha kwenye projekta) ukizidi mita 10, picha huweza kukatika. Spika za Bluetooth achana nazo: sauti huchelewa, vidole vinaonekana vikipiga gitaa kabla ya mlio.