Yaani nimekata bima kubwa kwa ajili ya dogo nimeishia kupewa KALENDA

Mzee wa Goba
Wakuu nina hasira sijui hata nianzie wapi. Nimetoka sasa hivi kwenye ile ofisi, sina haja ya kuitaja mnaijua, yenye AC ya kugandisha samaki na tangazo lao kila ukifungua redio asubuhi. Mwezi wa saba huu jamani, mwezi wa SABA, mtu mzima ananikabidhi kalenda.

Iko hivi. Binti yangu katimiza 18, chuo cha udereva kamaliza, leseni anayo, mama yake ndo kabisa anamsukuma, basi IST ya nyumbani nikaikatia bima kubwa (ile inayolipa hadi gari lako mwenyewe) makusudi kwa ajili yake. Gari thamani 14m, asilimia tatu na nusu ni 490,000, weka VAT inasoma 578,200. Ningekata thedi pati, ile ndogo ya kulipia wengine tu, ningelipa 118,000 nyingine nikanywea supu mwaka mzima. Lakini yule dada wa kaunta (mnamjua, wa kucha) akanihakikishia "baba wewe lala usingizi, familia yote imo". Nikalala. Dogo anatoka kinyumenyume akaingia na nguzo ya geti letu wenyewe, bampa la nyuma na mlango wa buti kwisha habari, fundi kasema 840,000.

Trafiki wakaja kuchora ramani ya ajali hapo hapo getini mtaa mzima uko nje kama kuna msiba, fomu za polisi PF 90 na PF 115, fomu ya madai, kopi ya leseni, picha za kila kona hadi mbwa yumo. Leo naitwa. Dada wa kucha ananisomea kwa sauti foleni nzima inasikia, eksesi ya kawaida (yaani hasara unayobeba mwenyewe kwanza) laki tano, dereva akiwa chini ya miaka 21 au leseni chini ya miaka miwili inaongezeka laki tano nyingine, jumla milioni, hasara yako 840,000, "kwa hiyo baba hapa hakuna cha kulipwa". Yaani ningekomaa kidogo ningetoka nadaiwa laki na sitini!! Halafu akainama chini ya kaunta, nikajua ana huruma huyu anatoa hundi. Anatoa KALENDA. "Ya familia baba."

kigongo_cha_jioni
Mkuu ukurasa wa eksesi upo, maandishi madogo lakini upo. Gari ya 14m unasaini bila kusoma?

Mzee wa Goba
Hoja sio eksesi. Hoja ni kalenda. Imebaki miezi mitano na kila mwezi ina picha ya mkurugenzi.

Mama Wawili
Pole baba ila nimecheka hadi nimeamsha mtoto. Shukuru ni geti lako, lingekuwa la jirani je?

kigongo_cha_jioni
La jirani ndo lingelipwa! Upande wa thedi pati unalipa mali ya mtu mwingine, ya kwako wewe mwenyewe hailipi. Siku nyingine mwambie binti avuke barabara agonge kwa jirani.

mdau_minnesota
Nyie mnalia huko, mimi huku Marekani nimemuongeza wa miaka 16, malipo ya mwezi yamekaribia mara mbili. Nikaomba punguzo wakataka ripoti ya shule, awe na wastani wa B, kwa hiyo sasa hivi nalipia bima na tuisheni. Bado kuna programu kwenye simu inamchongea kila akikanyaga breki kwa nguvu. Na usijaribu kumficha, anaishi kwako ana leseni hujamuandikisha, siku ya ajali wanaweza kukugeuka.

Fundi Mstaafu
Tumeshajua uko Marekani mkuu. Mleta uzi bora hata hawakulipa, ukishalipwa tu lile punguzo la kutokudai mwakani unalisahau.

Mzee wa Goba
BORA?? Mbele ya foleni nzima nimetoka nimekumbatia kalenda, mlinzi ananiuliza "mzee umebakiziwa nyingine huko ndani?"

tegeta_kwetu
Afadhali wewe umeondoka na kitu. Mimi boda kanichuna ubavu mzima, hana bima, hana leseni, hana hata helmeti, nikamshika, watu wakataka kunipiga MIMI.

Mama Wawili
Boda haguswi kaka. Unasema asante unaondoka.

shangazi_wa_tatu
Bima ya gari ina nafuu, njooni mniulize ya afya. Nimepanga foleni toka alfajiri naambiwa dawa niliyoandikiwa haimo, panadol imo.

Fundi Mstaafu
Mleta uzi huo mlango wa buti usinunue mpya, nenda Ilala chukua yuzdi ya Japani, ila hakikisha rangi inaendana.

tegeta_kwetu
Ilala tena, si watamuuzia wa kwake mwenyewe. Mimi sait mira ziling'olewa usiku, asubuhi nimezikuta zinaning'inia dukani.

kigongo_cha_jioni
Ulijuaje ni zako?

tegeta_kwetu
Nilichonga namba ya gari kwenye kioo. Jamaa kaniambia nina bahati, zenye namba hazina mteja mwingine, akanipunguzia elfu kumi.