Nipo Tabora mwaka wa kwanza, nyumbani Kigoma: mzigo uje kwa posta, basi au treni?

Mgeni_Tabora: Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nimeripoti chuo juzi, vyeti orijino nimeviacha nyumbani Kigoma na huku wanavitaka kwa uhakiki. Mama pia anataka kunitumia dagaa, dumu la mawese na godoro. Vije kwa njia gani?

Reli_ya_Kati: Vyeti ni EMS ya posta, ile huduma yao ya haraka, hilo halina mjadala. Mama atapewa risiti yenye namba ya kufuatilia, inaanza na herufi E inaishia TZ, aipige picha akurushie wasap. Wakati wa kuchukua beba kitambulisho, na mwambie aandike jina lako la kwenye kitambulisho, siyo lile analokuitia nyumbani.

Mwana_Ujiji: Basi ndo haraka lakini, mzigo ukipakiwa alfajiri unaupata sikuhiyohiyo. Ila kwa vyeti hapana. Bahasha ya mdogo wangu waliisahau ndani ya gari ikapitiliza Tabora mpaka Dodoma, siku nne tunapiga simu tu, mtoto hali, halali.

Dada_Isevya: Mdogo wangu mawese yaje kwa basi ila mfuniko ufungwe kwelikweli, aweke nailoni mdomoni kwanza, afunge mfuniko, halafu azungushie mpira wa tyubu ya baiskeli. La kwangu lilikuja na selotepu tupu, nikakuta dagaa na vitenge viwili vyote vimekuwa rangi ya chungwa, vile vitenge mpaka leo havijatakata. Achukue risiti, namba ya gari na simu ya konda. Na basi likiingia usiku usiende stendi peke yako, mgeni wewe, subiri asubuhi uufuate ofisini kwao.

Mgeni_Tabora: Asante dada. Na treni?

Reli_ya_Kati: Treni ni ya mzigo mzito, magunia hayo, unapimwa kwa kilo pale stesheni, lakini haiji kila siku kwahiyo aulize ratiba kabla hajabeba kitu. Waandike TABORA kwa maka peni pande zote maana treni yenyewe inaendelea Dar. Godoro nunua hukuhuku, usimsumbue mama.

Mwana_Ujiji: Barua za kawaida tumia S.L.P. ya chuo, ila jina kamili, kozi na mwaka viwepo, la sivyo inakaa masijala hata mwezi.

Mgeni_Tabora: Nimempigia, vyeti anavipeleka posta kesho asubuhi. Tyubu anasema ipo, ya baiskeli ya babu.