Mjadala: AOL iliwashinda wenzake kwa ubora au kwa disketi?

Mzee wa Modemu: Ndugu zangu, CompuServe, Prodigy na AOL zilikuwa huduma za Marekani za kuwaunganisha watu wenye kompyuta kupitia laini ya simu. CompuServe ilianza kuwahudumia watu wa kawaida mwaka 1979, na Prodigy ilikuwa na mtaji wa IBM. Hata hivyo, mwaka 1998 wateja wa CompuServe waliishia mikononi mwa AOL, iliyoanza kama kahuduma ka wenye kompyuta ya Commodore 64. Nashikilia kwamba haikuwashinda kwa ubora. Disketi zake zenye programu ya kujiungia zilitumwa kwa posta na kubandikwa kwenye magazeti, hata asiyejua kompyuta akajiunga kwa sababu tu disketi ilikuwa mezani.

Binti Mwinyi: Kaka, hilo la "asiyejua kompyuta" limenichoma. Shangazi yangu aliishi Columbus, Ohio, nyumbani kwa CompuServe, lakini mwaka 1995 alijiunga na AOL, na hakuwa mjinga. Dola 9.95 zilimpa saa tano kwa mwezi, na kila saa iliyozidi ilitozwa dola 2.95, kwa hiyo aliandika barua zake zote kwanza, akaweka saa ya jikoni kando ya kibodi, ndipo akapiga modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Mtu wa namna hiyo anajua anachonunua. CompuServe ilimtambua mteja kwa tarakimu zenye mkato katikati, kama mfungwa, ilhali AOL ilimwachia ajichagulie jina.

Mhasibu wa Tanga: Mnaionea Prodigy kwa kuipita haraka. Waanzilishi wake mwaka 1984 walikuwa watatu, yaani IBM, Sears na CBS, ambayo baadaye ilijitoa. Ilitoza ada moja ya mwezi ikitumaini kuishi kwa matangazo na mauzo, lakini wanachama walitaka kuandikiana, na kila barua ilikuwa gharama kwake. Ilipotangaza senti 25 kwa kila barua pepe baada ya 30 za mwezi, kisha ikawafukuza waliopanga upinzani, ilikuwa inapigana na wateja wake yenyewe.

Mzee wa Modemu: Dada, neno "mjinga" sikulitamka, tafadhali usinilishe maneno. Kutojua kompyuta si aibu, sote tulianzia huko.

Binti Mwinyi: Umesema alijiunga kwa sababu ya kilichokuwa mezani, na maana yake ni ileile. Nieleze basi yaliyotokea Desemba 1996, AOL ilipoweka dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa. Watu walikesha wakipiga na kusikia mlio wa laini inayotumika, hadi wanasheria wakuu wa majimbo wakaingilia kati na kampuni ikakubali kurudisha fedha mwaka 1997. Wengi hawakuhama, kwa sababu majina yao yalikuwa humo na marafiki zao walikuwa humo. Disketi haimfungi mtu hivyo.

Mhasibu wa Tanga: Nanyi nyote mmemsahau Microsoft. Alifungua MSN, huduma yake ya namna hiyohiyo, Agosti 1995, lakini Machi 1996 AOL ilipokubali kutumia kivinjari chake, yaani programu ya kufungulia tovuti, naye aliiweka AOL ndani ya Windows 95. Alimpa mpinzani wa MSN kibanda ndani ya duka lake mwenyewe ili amwangushe Netscape, mshindani wake wa vivinjari. Hapo disketi na ubora vyote viliwekwa kando.

Mzee wa Modemu: Hilo la kibanda nalikubali. La kulishwa maneno, bado.