Msaada: diski C imejaa folda kubwa nisizozijua, nifute ipi na niache ipi?

Dada_Steshenari

Habari za jioni wakuu.

Nina steshenari ndogo hapa Iringa. Nachapa barua, mikataba ya nyumba, CV na katiba za vikundi. Wiki iliyopita kompyuta yangu iligoma kuwaka, nikaipeleka kwa fundi akaweka Windows upya. Ilirudi inawaka vizuri, lakini kazi zote nilizokuwa nimeziweka Desktop hazikuwepo. Fundi alisema zimeondoka na Windows ya zamani. Miaka minne ya kazi za wateja. Niliumia sana, ila nikaanza upya.

Tangu jana C imekuwa nyekundu. Ina 120GB, imebaki 2 tu, na Word inakataa kuhifadhi. Nimepima kwa WizTree, programu ya kuonyesha ukubwa wa folda, nikaona haya: Windows.old 71GB, WinSxS 9GB, hiberfil.sys 3.2GB. Halafu kwenye diski D kuna folda ambayo jina lake ni herufi na namba ndefu zisizo na maana, kama mtu kabonyeza kibodi ovyo. Hiyo ni ndogo ila inanitia hofu, isije ikawa kirusi.

Sijaziunda mimi hizi. Naweza kuzifuta zote? Kesho asubuhi nina kazi za watu.

Kibao_Kata

Futa zote dada, hazina kazi. Ukimaliza ingia ndani ya folda ya Windows ufute na folda ya Installer, hiyo nayo inakula nafasi bure. Ikikataa, tumia Unlocker, programu ya kulazimisha kufuta.

Mwana_Kihesa

Dada, tafadhali usifanye hivyo. Hiyo Installer mimi niliifuta 2019 kwa ushauri kama huu. Siku ileile mashine haikuonyesha tatizo lolote, nikafurahi. Miezi miwili baadaye Office ikahitaji apdeti, ikaniuliza faili lake la kuiweka, lile la .msi, liko wapi. Halipo. Nikasema basi niiondoe Office niiweke upya, nayo ikakataa kuondoka kwa sababu hata kuiondoa kunahitaji faili lilelile. Nilikaa siku mbili nasafisha mabaki yake ndipo nikaweza kuiweka tena.

Folda ya mfumo ukiifuta kwa mkono, madhara huja baadaye, ukiwa umeshasahau ulifuta nini.

Mzee_wa_Seva

Mwanangu, pole. Kwanza kabisa, usifute chochote usiku huu. Nimesoma maelezo yako mara mbili na nadhani kazi zako zipo.

Windows ikiwekwa juu ya nyingine bila kuformati diski, ile ya zamani haipotei. Inakusanywa yote na kuwekwa ndani ya Windows.old, pamoja na folda ya Users, na humo ndimo Desktop na Documents za zamani hukaa. GB 71 ni nyingi mno kuwa Windows peke yake, kwa hiyo humo mna vitu vyako.

Fungua C, ingia Windows.old, kisha Users, kisha jina ulilokuwa ukitumia zamani, kisha Desktop. Ukiambiwa huna ruhusa, bonyeza Continue usubiri. Ukikuta kazi zako, zinakili kwenye flashi au diski ya nje. Nakili, usihamishe. Fungua tatu au nne ukiwa kwenye flashi uone kama zinasomeka.

Usichelewe pia. Mtu akipandisha toleo la Windows, mfumo wenyewe huifuta Windows.old baada ya siku 10. Na kwa ukubwa huo wa 120GB, nadhani diski yako ni SSD, ile isiyozunguka. Faili likishafutwa humo, amri iitwayo TRIM huambia diski isafishe sehemu ile, na programu za kufufua faili mara nyingi haziambulii kitu. Zile hadithi za kurudisha picha zilizofutwa ni za diski za zamani zinazozunguka.

Nijibu ukishaangalia.

Dada_Steshenari

Shikamoo mzee. Zipo! Nimekuta folda ya MIKATABA, nimekuta VIKUNDI 2022, hata barua ya mama mmoja aliyekuja analia juzi nikamwambia imepotea. Mikono inatetemeka. Nanakili sasa, inaonyesha dakika 14.

Mwana_Kihesa

Alhamdulillah! Angalia na Downloads na Pictures humohumo kabla hujafunga. Kama ulikuwa na Outlook au fonti za ziada, zitafute pia.

Mzee_wa_Seva

Marahaba mwanangu, nimefurahi mno. Ukimaliza kunakili na kuhakiki, tuendelee na nafasi. Kanuni yangu ni moja: folda ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye aiondoe.

Windows.old ni ya Windows, kwa hiyo usiibonyezee Delete, utabaki na vipande visivyokubali kufutika. Andika Disk Cleanup kwenye sehemu ya kutafuta, chagua C, bonyeza Clean up system files, kisha weka tiki kwenye mstari unaoanza na Previous Windows. Ikiuliza, kubali. Ukiona Downloads kwenye orodha hiyo, usiiwekee tiki kama kuna vitu vyako humo.

WinSxS ni ghala la vipande vya Windows, iache. Ukubwa unaouona huenda si wa kweli wote, maana faili moja linaweza kuonekana humo na kwenye System32, folda nyingine ya mfumo, likahesabiwa mara mbili ilhali kwenye diski lipo moja. Ukitaka kuipunguza, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup

hiberfil.sys ni nakala ya RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, kwa ajili ya mashine kulala bila umeme, yaani Hibernate. Mfumo huipa asilimia 40 ya RAM, na 40 ya 8GB ndiyo hiyo 3.2 yako. Kama hutumii Hibernate, andika powercfg /h off kwenye Command Prompt hiyohiyo, itaondoka yenyewe, ila mashine itachelewa kidogo kuwaka. Mimi ningeiacha, umeme wetu unaujua.

Ile ya D, ifungue uone kuna nini.

Dada_Steshenari

Kuna faili moja, mrtstub.exe.

Mzee_wa_Seva

Hilo jina ni la kifaa cha Microsoft cha kuondoa programu hasidi. Huja na apdeti, hujifungulia kwenye sehemu yenye nafasi kubwa zaidi, ndiyo maana ikaenda D, na mara nyingine husahau kusafisha. Lipige skani kwa Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwanza, jina mtu yeyote anaweza kuliiga. Ikiwa safi, zima na uwashe mashine, halafu ifute. Kwa folda nyingine usiyoijua na isiyo ya mfumo, ibadilishe jina kwanza, uongeze _zamani mwishoni, ufanye kazi wiki nzima. Programu ikilalamika, unairudishia jina lake.

Dada_Steshenari

Nimerudi wakuu. Skani ni safi, ile ya D nimeifuta. Disk Cleanup ilichukua kama nusu saa, C sasa ina 72GB wazi na Word inahifadhi. Kazi ziko kwenye flashi mbili, moja nimeiacha nyumbani. Yule mama nimempigia, kesho saa mbili anakuja kuchukua barua yake.